Anti wa Mashuka: duveti ya wifi, hariri ya Kariakoo na mto wa sufi wa mzee

Haya jamani, mwezi huu maswali yamekuwa mengi mpaka simu inajaa, na karibu yote yanalia kitu kimoja, joto la usiku. Najua, ni Februari, hata mimi naamka saa tisa usiku nakaa kitako nasikilizia feni. Kwa wageni wa ukurasa huu, mi nilikuwa dobi kwenye hoteli moja hapa mjini miaka tisa kabla sijaanza kushona mashuka yangu mwenyewe Ilala, kwahiyo ninachowajibu nimekishika, nimekifua, na vingine nimeviharibu kabisa, tutafika huko. Tuanze na bi harusi maana huyu ana kesi ya kifamilia.

"Shikamoo anti. Nimeolewa mwaka jana mwezi wa nane. Wifi yangu anaishi Uingereza, alipokuja harusini alituletea duveti nyeupe nzuri sana, karatasi yake inasema ndani ni manyoya ya bata bukini na kuna namba 13.5 tog. Tunaishi Kimara, chumbani tuna feni tu. Tukijifunika tunaloa jasho kama tumemwagiwa maji, nikisema tuiweke pembeni mume wangu anasema hiyo ni zawadi ya dada yake. Sasa wifi anakuja Desemba na atafikia kwetu. Nifanyeje asione nimeidharau?" Bi harusi, Kimara

Marahaba mwanangu, na hongera ya ndoa. Kwanza nikutoe wasiwasi, hujapewa kitu kibaya, umepewa kitu kizuri sana cha watu wenye baridi. Hiyo tog ni kipimo Waingereza wanachopimia duveti inazuia joto kiasi gani, zile nyepesi za kiangazi chao zinaishia kwenye 4.5, na 13.5 ndo ya Januari ya kule, ya mtu anayezima hita usiku kubana bili na nje kuna barafu. Yaani wifi yako kakupa alichokiona bora kwa macho ya kule anakolala yeye.

Sasa hayo manyoya yenyewe, watu wa biashara wanayaita dauni, sio nyoya lile tunalolijua lenye uti katikati. Ni yale mororo ya chini kabisa, ya kifuani na tumboni kwa bata, hayana uti, kila moja limefumuka kama kichwa cha mchunga kikikauka ukakipuliza. Kule kufumuka kwake kunashika hewa, na hewa isiyotembea ndo inayokupa joto, manyoya yenyewe hayana joto lolote. Joto linatoka kwako. Mtu aliyelala anatoa joto kama la balbu ya wati sabini hivi, nyie mko wawili, mmewasha balbu mbili mkazifunga ndani ya mfuko, afu mnashangaa mnaloa. Kingine ambacho watu hawakifikirii, dauni ina sifa ya kupitisha mvuke wa jasho, ni kweli kabisa, lakini mvuke unapita ukiwa na pa kwenda, hewa ya Dar yenyewe imeshajaa unyevu, kwahiyo jasho linabaki hapohapo na nyie.

Kwahiyo isilazimishwe. Lakini pia usiiuze, nakuomba, maana najua kuna jirani ameshakwambia uiweke mtandaoni. Ishonee kava la pamba, iwe inakaa imekunjwa vizuri miguuni pa kitanda mchana, kitanda kinapendeza, usiku inahamia kwenye kiti. Wifi akija, kitu cha kwanza ni mume wako ndo aongee na dada yake, sio wewe, haya mambo ya zawadi za ukweni yakitoka mdomoni mwa mke yanageuka. Na kama mume wako mwoga basi kuna njia nyingine, mtandikieni wifi chumba cha wageni, mpeni heshima yake, mwekeeni hiyohiyo duveti ajifunike usiku wa kwanza. Desemba, Kimara. Asubuhi hatauliza kitu.

Ambacho mi ningefanya, kama mna wazazi Makete, Njombe, Mbeya au hata Lushoto, ningewapelekea kabla ya Juni. Kule mwezi wa sita na wa saba mtu analala na sweta na soksi, hiyo duveti itatukuzwa kuliko mbuzi. Na kama mna mpango wa kufunga AC basi iacheni, ila kulala na AC nyuzi kumi na nane ili uweze kujifunika duveti ya baridi mi naona ni kuwasha jiko na friji ya wazi pamoja, unit za LUKU zitawaambia.

Utunzaji wake, maana hapa ndo watu wa Dar tunaziua. Isikae kwenye ule mfuko wa nailoni iliyokuja nao, inavuta ukungu, tafuta mfuko wa kitambaa. Kila baada ya wiki kadhaa itoe ipate hewa siku ya jua. Na usiifue wakati wa masika. Dauni ikilowa inashikana mabonge na inataka mashine kubwa ya kukausha na joto la polepole, pale hotelini tulikuwa tunarushia mipira ya tenisi ndani ya drai ili itwangwetwangwe na kufumuka, ukiianika kambani kwenye unyevu inachukua siku tatu nne kukauka na itanuka kuku aliyenyeshewa, harufu hiyo haitoki tena.

Wengine mnaotaka kununua, pitisha mkono kwenye kitu kizima kama unatafuta mwiba kwenye samaki. Ukiguswa na vijiti vingi hayo ni manyoya ya kawaida yamechanganywa na dauni kidogo. Namba za 600, 700, 800 mnazoziona kwenye karatasi sio uzito, ni wakia moja ya dauni ikiachiwa inajaa inchi za ujazo ngapi, namba ikiwa kubwa ndo inafumuka zaidi kwa uzito mdogo. Na kuna alama ya RDS, inamaanisha bata hakunyonyolewa akiwa hai. Kuna sehemu wanafanya hivyo, inasikitisha, basi tu.

"Anti habari za kazi. Mimi nina nywele za asili, nimesikia ukilalia foronya ya hariri nywele hazikatiki. Nikaenda Kariakoo nikapata mbili za rangi ya shaba, elfu kumi na tano zote mbili, muuzaji kaniambia ni hariri ya satini. Sasa mume wangu amegoma, anasema hariri ni haramu kwa mwanaume hata kuilalia, ametoa mto wake kitandani na sasa analalia begi la nguo. Nimuonyeshe nini akubali?" Mke wa mtu, Magomeni Mapipa

Nzuri mdogo wangu. Begi la nguo nimecheka samahani. Kwenye dini mume wako hajakosea, mi sio sheikh ila hata madrasa tulifundishwa hadithi ya Hudhaifa iliyoko kwenye Sahihi Bukhari, kukatazwa kuvaa hariri na kuikalia, na wanawake wameruhusiwa kuivaa, ya ndani zaidi ya hapo mkamuulize sheikh wenu wa mtaani. Ila kwenye kitambaa mmekosea wote wawili. Hiyo sio hariri.

Satini ni namna ya kufuma, sio aina ya uzi. Uzi mmoja unarukishwa juu ya nyuzi kadhaa kabla haujazama chini, ndo maana uso unakuwa unateleza na kung'aa. Unaweza kufuma satini ya hariri, ya pamba, ya poliesta, vyote satini. Elfu kumi na tano foronya mbili ni poliesta mdogo wangu, sihitaji hata kuiona. Hariri yenyewe inatoka kwa kiwavi anayekula majani ya mforsadi, Wachina wameifanya kazi hiyo maelfu ya miaka, kiwavi mmoja anajizungushia uzi mmoja mwembamba unaofika hata mita mia tisa na zaidi, na unahitaji maelfu ya vifuko vyao kupata kilo moja ya uzi. Hesabu yenyewe inakataa bei yako. Hariri ya ukweli huwa inatajwa kwa uzito wake, kipimo kinaitwa momme, momme moja ni gramu 4.34 kwa mita ya mraba, foronya nzuri inaanzia 19 kwenda juu na muuzaji anayejua anachouza atakutajia bila kubabaika. Akikwambia "hii ni orijino kabisa dada" akaishia hapo, ondoka.

Mtihani ufanye mbele ya mumeo. Geuza foronya, chomoa nyuzi chache kwenye upindo wa ndani, zishike na kile kibano cha nyusi juu ya sinki lenye maji, uwashe kiberiti. Hariri inaungua taratibu, inatoa harufu ya nywele zilizoungua na inaacha jivu linalosagika kwa vidole. Pamba inawaka kama karatasi. Poliesta inajikunja, inayeyuka, inanuka plastiki na ikipoa inaacha kidonge kigumu kama kichwa cha pini. Naweza kukuapia utaona kidonge. Basi hapo haramu imeisha, arudishe mto kitandani.

Ila sasa, mlivyogombana kwa ajili ya dini mngegombana kwa ajili ya joto mngekuwa na haki zaidi. Sikiliza, kwenye hewa ya kawaida tu kilo mia za pamba kavu zinanyonya unyevu wa kama kilo nane, hariri kilo kumi na moja, poliesta hata nusu kilo haifiki. Maana yake jasho la shavu lako likigusa pamba linaingia ndani ya uzi, likigusa poliesta linakaa juu linakusubiri. Hariri inasifiwa kwa sababu hiyo, inateleza na bado inakunywa, poliesta inateleza tu. Kwa nywele peke yake hiyo satini yako inatosha kabisa, nywele zinachotaka ni kutosuguliwa, haziulizi uzi umetoka kwa kiwavi au kiwandani. Kwahiyo hizo foronya mpelekee fundi azigeuze kofia za kulalia, utapata hata nne, vaa kichwani, kwenye mto rudisha foronya ya pamba. Uso unapumua, nywele ziko salama, mume yuko kitandani.

Siku ukipata hela ya hariri yenyewe ununue moja tu, ya mto wako. Uifue kwa mkono, maji ya baridi na shampuu kidogo, uianike kivulini maana jua linaifanya njano na kuidhoofisha, na jasho nalo linaila, kwahiyo hapa Dar ni kila wiki.

"Anti mto wangu wa manyoya umeweka madoa ya njano ya jasho, niuloweke na jiki kiasi gani?" Mbezi Beach

Kiasi cha sifuri. Manyoya, hariri, sufu ya kondoo, nywele zako, vyote hivyo ni protini na jiki inakula protini. Nilijifunza kwa mshahara wangu. Mwaka wa kwanza pale hotelini mgeni alileta gauni la kulalia lina doa la chai, kwa kujua kwangu kwingi nikalizamisha kwenye ndoo ya mashuka meupe nikaenda kunywa uji, narudi limekuwa njano kama manjano ya pilau, nalinyanyua linaachia mkononi kama mkate uliolowa. Hariri. Nilikatwa miezi mitatu. Mto wako uloweke kwenye maji ya vuguvugu na sabuni ya unga kidogo isiyo na jiki, usuuze mpaka uchoke, uukamue kwa kuukandamiza usiusokote, na ufanye hivyo siku za jua kali zinazofuatana. Foronya yake, kama ni pamba nyeupe, hiyo jiki ruksa.

"Oya anti, shkamoo. Niko chuo, nimepanga geto Sinza, godoro tano kwa sita. Bajeti imekaza. Nimeona mashuka mapya ya Kichina yameandikwa nyuzi 1000 yanauzwa bei chee, mshkaji wangu ananiambia bora mtumba wa Karume. Nani mkweli?" Msela wa Sinza

Marahaba. Mshkaji wako. Hiyo namba ya nyuzi inatakiwa kuwa nyuzi za wima jumlisha za mlalo kwenye inchi moja ya mraba, shuka zuri la pamba liko kati ya 200 na 400, hapo linapumua na linadumu. Ukipanda sana mara nyingi ni ujanja wa hesabu, mtu anachukua uzi mmoja uliosokotwa na nyuzi nne nyembamba anahesabu nne. Na hayo ya bei chee huwa ni poliesta nyembamba mno, maikrofaiba, mkononi laini kama shavu la mtoto, hayakunjamani, yanakauka haraka, kwa mtu wa kufua usiku na kutandika asubuhi sikatai yana raha yake. Ila umeme ukikatika na feni ikasimama utaamka umebandikwa kama stempu.

Karume nenda asubuhi wanapofungua belo. Usisikilize muuzaji, tafuta kilebo cha pembeni na ujue lugha zake, maana mizigo inatoka kila mahali. "Cotton" unaijua, Kifaransa wanaandika "coton", Wajerumani "Baumwolle", Waholanzi "katoen", Wahispania "algodón", zote hizo pamba. Ukiona "Seide" au "soie" tulia usipige kelele, hiyo ni hariri na muuzaji hajajua, nimewahi kuokota moja kwa bei ya soda mbili, mpaka leo siamini. Duveti lenyewe ni neno la Kifaransa, maana yake ni yaleyale manyoya mororo, kwahiyo usichanganye ukiliona kwenye lebo, na Mjerumani anaandika "Daunen".

Kilebo kikiwa kimekatwa tumia vidole. Kunja kona ya shuka, ibane kwenye kiganja ukihesabu kumi, achia. Pamba inabaki na makunyanzi, poliesta inajirudia kama haikusikia. Afu linyanyue juu uangalie jua, katikati ambapo mtu alikuwa analala, kama panaonyesha kuliko pembeni limeshaisha, litakuchanikia ndani ya mwezi. Yale meupe mazito kidogo, yana ubaridi ukiyagusa na yanatoa mlio mdogo ukiyakunja, mara nyingi ni ya hoteli au hospitali za nje, hayo chukua bila maswali. Ukifika geto usitandike, chunguza mishono kama kuna vidoti vyeusi vya kunguni, vipo au havipo chemsha sufuria la maji uyaloweke, anika juani, pasi ya moto kwenye mishono. Kunguni anaogopa moto kuliko dawa.

Na mashuka mawili yanatosha, usinunue seti ya sita na mapambo. Ya kujifunika omba khanga kwa mama, khanga ya pamba iliyofuliwa mpaka maneno yamefifia hakuna duveti inayoigusa hapa mjini.

"Anti mwanangu ana miaka mitatu na ana pumu, usiku anakohoa sana. Watu wananiambia nitoe mito ya manyoya ninunue ya nyuzinyuzi. Ni kweli?" Mama wa Tabata

Pole mama. Kikohozi cha usiku kikizidi urudi naye kliniki na dawa yake ya kuvuta usiipunguze, mi naongelea kitanda tu. Mara nyingi adui ni utitiri wa vumbi, wadudu wadogo huwaoni kwa macho, wanakula magamba ya ngozi zetu na wanapenda unyevu, yaani Dar kwao ni kijijini. Wanaingia kwenye mto wowote. Kuna kitu hata mimi kilinishangaza, mto wa manyoya kitambaa chake kimefumwa kwa kubana sana ili manyoya yasichomoze, kwahiyo na utitiri unapenya kwa shida, wakati mito mingi ya nyuzinyuzi ina kitambaa cha wazi tu. Kwahiyo kuhamia nyuzinyuzi peke yake sio dawa, faida ya nyuzinyuzi ni kwamba unaweza kuufua na ukakauka siku hiyohiyo. Kama daktari amekwambia mzio wake ni wa manyoya yenyewe hapo toa, hakuna mjadala.

Kikubwa ni maji ya moto. Mashuka na foronya kila wiki, maji ya nyuzi 60, sisi tunafua na maji ya bomba ya baridi utitiri unaogelea tu unatoka. Loweka kwenye ndoo ya maji yaliyochemka ukachanganya kidogo, subiri nusu saa, fua. Mto na godoro vitafutie kava la zipu lililofumwa kwa kubana. Ile nailoni ya dukani, najua wengi mnaiacha kwenye godoro mwaka mzima, kweli inazuia vumbi lakini mtoto analoa jasho na hapo chini panaota ukungu, itoeni. Midoli ya manyoya ishuke kitandani. Na kama una mwingine chini ya mwaka mmoja, huyo mto hana haja nao kabisa, wala duveti, anaweza kuzibwa pumzi.

"Mwanangu, mimi ni mzee wa miaka 71, naishi Temeke, asili yangu Muheza. Nimelalia mto wa sufi tangu nikiwa kijana. Watoto wameutupa stoo, wameniletea mto wa sponji unaobonyea, wanasema ni wa kisasa. Kichwa kinazama, shingo inawaka moto. Je, ule wa sufi umeshakufa au unafufuliwa?" Mzee wa Temeke

Shikamoo mzee wangu. Unafufuliwa, na wewe ndo mwenye akili humo ndani. Huo wa kisasa ni ile memori fomu, ilibuniwa mwaka 1966 kwenye mradi wa NASA kwa ajili ya viti vya ndege, inalainika kwa joto la mwili na kukumbatia kichwa. Kwenye baridi ni raha. Kwenye joto inakukumbatia wakati hutaki kukumbatiwa na hewa haipiti.

Sufi ya msufi, wewe unajua kuliko mimi, lakini niwaambie vijana, uzi wake ni tundu tupu ndani kama mrija na una nta kwa nje, ndo maana mwepesi hivyo na maji hauyapokei, zamani walijazia hata maboya ya kuokolea watu baharini. Kasoro yake inakatikakatika, ndani ya miaka inakuwa vumbi na mabonge. Mwambie mjukuu aufumue mto nje, mbali na moto maana sufi inashika kama petroli, ajifunge khanga puani. Aichambue kwa mkono juu ya mkeka juani, mbegu atoe, vumbi na vigimba atupe, iliyobaki aipige na fimbo mbili nyembamba mpaka ivimbe. Itakuwa imepungua, ongezeni mpya, jamaa zako wa Muheza watakutumia gunia. Kitambaa cha zamani msirudishe, chukueni marekani, ile nguo ya pamba nzito isiyopaushwa, iliitwa hivyo kwa sababu babu zetu waliipokea pwani hii kutoka kwa meli za Wamarekani karne ya 19, na mpaka leo kwa kubana sufi sijaona mpinzani wake. Shindilia kidogo kuliko unavyodhani, sufi ikijazwa sana inakuwa gogo.

"Anti nimechoka mashuka ya dukani, nataka kununua pamba ya mita nipeleke kwa fundi. Kitanda tano kwa sita, godoro nene inchi nane. Ninunue mita ngapi?" Tandika

Safi. Upana futi tano ni inchi 60, ongeza unene nane kila upande na nane nyingine za kuingiza chini ya godoro, unapata 92, yaani mita mbili na sentimeta thelathini na nne. Urefu futi sita ni 72, kwa hesabu hiyohiyo unapata 104, mita mbili na sitini na nne. Ya upindo na kupungua weka, nunua mita mbili na themanini. Ukipata kitambaa kipana cha mashuka, inchi 100 hivi, unakata mara moja umemaliza. Ukipata chembamba cha 60 itabidi kuunga, na hapa ndo mafundi wanaponikera, wanaunga vipande viwili katikati, mshono unapita mgongoni kwako usiku kucha. Kipande kizima kikae katikati, cha pili kipasuliwe mara mbili kiungwe pembeni kushoto na kulia, mshono unaangukia ukingoni mwa godoro huusikii.

Afu kabla fundi hajakata chochote kiloweke kitambaa chote usiku mzima, kianike, kipige pasi, ndo umpelekee. Pamba inaingia, shuka la mita mbili na themanini linakuwa na mita mbili na sabini hivihivi unaliangalia. Fundi atakwambia hakuna haja, atakata tu akaze, mwambie anti kasema bado mbichi.